Jozi ya Tatu

14 Januari

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Najua hunijui, kwa hiyo nianze na hilo: mimi ni binti mkubwa wa mdogo wako, yule mwenye miwani. Ulipoondoka huku, kwa maelezo ya Mama, nilikuwa hata sijazaliwa.

Hapa nyumbani hatujambo. Mama amehamishiwa ofisi ya karibu na siku hizi anarudi mapema, jambo ambalo wadogo zangu hawalifurahii. Baba yuko kliniki kutwa. Babu ametimiza miaka themanini na moja. Bado anapanda ngazi za kliniki mwenyewe, na anamfokea yeyote anayejaribu kumshika mkono.

Nakuandikia kwa sababu ya kazi niliyopewa. Chama cha Madaktari wa Kunyoosha Meno kitatimiza miaka thelathini mwezi wa nane. Wamemwomba Babu, kama mwanzilishi, atoe kijitabu cha historia ya chama. Naye akasema, "Kuna mtu nyumbani anashinda na vitabu mpaka anasahau kula. Mpeni yeye." Basi nimepewa meza kwenye chumba cha nyuma cha kliniki, kati ya kiti kibovu cha wagonjwa na rafu za meno ya plasta, na daftari la vikao lenye jalada la kijani. Ninakwenda kila Jumamosi.

Sijawahi kuandika kitu kitakachosomwa na mtu mwingine zaidi ya mwalimu wangu. Nataka kiwe sahihi. Katika kikao kimoja cha mwaka wa tatu nimeona umetajwa. Naomba uniandikie, kwa maneno yako mwenyewe, machache kuhusu mwaka huo. Hata nusu ukurasa itatosha.

Baba anasema hupokei simu kutoka huku, ndiyo maana nimetumia barua. Hakuna anayejua kwamba nimekuandikia.

Mimi binti yako,
(Babu ananiita Karani)


9 Februari

Kwa binti wa mdogo wangu,

Marahaba. Mimi ni mzima. Wagonjwa wangu pia wazima, ukiacha meno yao. Habari za nyumbani nimezisoma. Sikuziuliza, lakini umezileta, basi ahsante.

Sasa hiyo kazi yako. Sijui kama umetumwa au umejituma. Kama umetumwa, mwambie aliyekutuma kwamba nimekaa miaka ishirini na saba nikiweza kuandika, na anwani yake sijaisahau. Kama umejituma, una njaa ya kusifiwa, na mimi si chakula.

Nusu ukurasa. Nimeisoma sentensi hiyo mara mbili nikidhani nimekosa miwani. Mwaka mmoja ulimwondolea mtu kazi yake, na wewe unamwomba nusu ukurasa kuhusu mwaka huo. Kwa taarifa yako, kunyoosha meno niliacha. Nang'oa na kuziba. Chumba changu hapa hospitali nimegawana na daktari wa macho, katikati tumeweka pazia. Yeye huwauliza wagonjwa wake kama wanaona, mimi nawauliza wangu kama wanasikia maumivu, na wakati mwingine anajibu asiyeulizwa.

Jina langu lisiwemo humo. Si kwa sifa wala kwa lawama. Mwaka wa tatu andika kwamba mvua ilinyesha.

Shangazi yako


23 Februari

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini baridi ya huko imepungua. Mdogo wangu wa mwisho ameng'oka jino la mbele na amekataa kulitoa mkononi mwake hata akiwa usingizini. Babu amemwambia atalitupa yeye juu ya paa, mtoto akajibu, "Wewe utalisugua kwanza." Watoto hushinda kliniki wakisikia maneno ya kazi.

Samahani kwa nusu ukurasa. Nilitaka kukurahisishia, nikakosea.

Lakini sikutumwa, Shangazi. Naandika ninachokiona. Nimeandika kwamba walianza wakiwa saba, kwenye chumba nyuma ya duka la dawa, wakikalia makasha. Nimeandika ugomvi wao wa kwanza, wa kikao cha sita: je, mgonjwa mwenye mwanya ambaye hakuomba uzibwe, daktari auzibe? Watatu walisema mwanya ni kasoro. Watatu wakasema mwanya ni uzuri, na anayeuziba bila kuombwa ni mharibifu. Babu, kwa kuwa Bibi alikuwa na mwanya, alitoka nje kunywa maji. Yote yamo daftarini. Katibu wa wakati ule aliandika kila kitu, hata nani alikohoa.

Nimeandika pia Meza ya Meno, kwa sababu ndiyo iliyokifanya chama hiki kiheshimiwe. Nimeieleza hivi, nisahihishe kama nimekosea: anayeomba kuingia chamani huleta jozi tatu za meno ya plasta, kila jozi taya ya juu na ya chini, zilizomiminwa siku wagonjwa wake walipoondolewa waya. Wanachama huweka taya ya juu juu ya ile ya chini na kuigonga kwa kidole. Ikitulia, kazi imekamilika. Ikicheza kama meza yenye mguu mfupi, kazi haikukamilika. Kanuni ya nne inamruhusu mwombaji kuleta jozi moja yenye kasoro, ili mradi aitaje mwenyewe kabla haijaguswa.

Halafu nafika mwaka wa tatu. Daftari linasema kwamba binti wa mwenyekiti alizuiwa kuingia chamani maisha yake yote, kwa kosa la kusugua plasta kwa tupa ili kuficha kasoro. Kura saba kwa sifuri. Mmoja kati ya hao saba alikuwa Babu, mwenyekiti mwenyewe.

Siwezi kuandika kwamba mvua ilinyesha. Nikiruka mwaka mzima nitakuwa nimesema uongo, na nikiandika kama ilivyo nitakuwa nimekutangaza. Kwa hiyo nina swali moja tu. Ulisugua?

Binti yako


3 Aprili

Kwa Karani,

Marahaba. Baridi haijapungua. Nimepokea barua yako kabla mwezi wa pili haujaisha na nikaiweka chini ya kopo la pamba. Leo pamba imeisha, nikaiona.

Una adabu nyingi kwenye salamu na huna hata kidogo kwenye swali. Mtu wa umri wako akimuuliza mkubwa wake "Uliiba?" hata akitanguliza shikamoo kumi, bado ameuliza "Uliiba?"

Nikusahihishe mawili, maana sipendi kazi mbovu hata isiyo yangu. Kwanza, hawakuwa saba, walikuwa wanane. Bibi yako alikuwa chumba cha pili akiwakorogea plasta, na hakuna jozi iliyowekwa kwenye meza ile bila kupita mikononi mwake. Hakuhesabiwa kwa kuwa hakuwa na cheti. Pili, babu yako hakutoka kunywa maji. Alitoka kumuuliza mkewe, na Bibi akamjibu bila kuinua kichwa, "Ukitaka kuziba ya watu, anza na wangu uone." Ndiyo maana akarudi kimya. Katibu wenu alisikia kikohozi, hilo hakulisikia.

Swali lako halina jibu. Kura saba kwa sifuri ni jibu, walilitoa watu wazima wenye akili zao. Baba yangu alikuwa na msemo wake siku zile: "Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma." Aliusema siku hiyo pia, akiwa ameinua mkono. Muulize kama bado anausema.

Hapana. Usimuulize. Nimeandika kwa kalamu ya wino na sina karatasi nyingine.

Shangazi yako


21 Aprili

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Huku sote wazima. Mitihani ya muhula imekwisha. Nimefanya vizuri kwenye kila kitu isipokuwa mjadala wa darasa, ambako nilisimama dakika nzima bila kutoa neno, na mwalimu akaniambia nikae tu. Bibi nimemwandika ukurasa wa kwanza, wa nane.

Umeniita karani, basi nimefanya kazi ya karani. Nimerudia kusoma ukurasa wa arobaini na moja wote, si ile hukumu ya mwisho tu. Nanakili:

"Mwombaji wa pili amesimama, ametangaza kuwa jozi yake ya tatu inacheza, kwani mgonjwa alihama mji kabla ya kazi kwisha. Jozi imejaribiwa. Haikucheza. Wajumbe wamecheka. Mjumbe mmoja ameipeleka dirishani na kuona sehemu mbili zisizong'aa kwenye magego."

Sikuelewa habari ya kung'aa, nikamuuliza fundi wa kliniki. Akaniambia plasta ikikauka hupakwa sabuni na kusuguliwa kwa kitambaa mpaka ing'ae kama sahani. Ikiguswa na tupa baada ya hapo, pale ilipoguswa hubaki peupe kama chaki. Nilijaribu mwenyewe kwa jino kuukuu. Ni kweli.

Basi nikakaa nikafikiri, Shangazi. Aliyesugua jozi ili isicheze, kwa nini asimame mbele ya watu na kusema inacheza? Mwizi haanzi kwa kutangaza alikoficha. Aliyesema maneno yale hakujua kwamba imesuguliwa.

Na ukurasa wa arobaini: "Jozi za waombaji zimepokelewa jana na kufungiwa kabatini. Leo asubuhi kabati limefunguliwa na mwenyekiti, ambaye katibu alimkuta amekwisha panga meza."

Sitaki kuandika ninachokifikiria. Nataka uniambie nimekosea.

Binti yako


24 Aprili

Nimeipata barua yako leo na ninaijibu nikiwa nimesimama, mgonjwa yuko kitini na pamba mdomoni.

Umekosea. Nilisugua mimi. Nilisugua, halafu kwa hofu nikachanganyikiwa nikasema vile. Watu wakiogopa husema lolote, wewe mwenyewe unasimama darasani dakika nzima ukiwa bubu.

Usimuulize babu yako. Usimguse na habari hii. Andika kwamba nilisugua, nakupa ruhusa, weka na jina. Barua hii ichane.

Shangazi yako


30 Juni

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Mama anakusalimu. Sasa anajua kwamba nakuandikia, wote wanajua.

Barua zako huchukua mwezi mzima, hata wiki sita. Ile ya kuniambia umesugua ilichukua siku sita kwenda na kurudi. Sijakusudia kukukosea heshima, lakini hata mimi niliyekaa bubu darasani niliweza kulihesabu hilo. Tena ilinifikia nikiwa nimekwisha kumuuliza Babu siku iliyotangulia.

Ilikuwa Jumamosi, chumba cha nyuma. Alikuja kuona nimefika wapi. Nikamwambia, "Babu, nani aliisugua jozi ya tatu?"

Alikuwa anafuta miwani. Akaendelea kuifuta. "Nani amekupa swali hilo?"

"Daftari."

"Daftari halina mdomo."

"Linao, Babu. Ukurasa wa arobaini na moja."

Akavaa miwani, akasoma ukurasa ule akiwa amesimama, kidole chake kikifuata mistari kama mtoto wa darasa la kwanza. Kisha akalifunga daftari, akalitia kwapani. "Jumamosi ijayo usije," akasema. Pale mlangoni akageuka. "Na ulete ufunguo wa chumba hiki."

Jioni Baba aliniita. Sijawahi kumsikia akisema kwa sauti ndogo hivyo. Alisema kuna nyumba zinazosimama kwa sababu watu hawachokonoi ukuta. Nikamuuliza kama alikuwa anajua. Akasema, "Nilikuwa na miaka ishirini, nilikuwa nasoma. Nilikuta dada yangu ameondoka na kitanda kimetandikwa. Nilipouliza niliambiwa nisiulize, sikuuliza, na nimekuwa daktari. Wewe nani amekufundisha kuuliza?" Nilitaka kumjibu kwamba ni yeye, alipokuwa ananinunulia vitabu.

Baba ni katibu wa chama sasa, hivyo amekiandika kijitabu mwenyewe. Kimechapwa. Kina kurasa kumi na sita, na kutoka mwaka wa pili kinaingia mwaka wa nne. Umepata ulichokitaka. Bibi naye ametolewa.

Ila jalada lina jina langu. Wamesema inapendeza mjukuu kuonekana ameandika, na siku ya sherehe nitasimama nisome mbele ya madaktari wote. Mimi. Sijui kama wewe unaweza kuelewa, lakini hicho ndicho kitu cha kwanza nitakachokuwa nimeandika maishani mwangu, na sikukiandika, tena ni cha uongo.

Nimekasirika, Shangazi. Nimemkasirikia Babu, na Baba, na wewe. Wewe ulinidanganya kwa maandishi. Wao walau wamenyamaza tu.

Kurasa zile mbili, wa arobaini na wa arobaini na moja, nilikuwa nimeshazinakili. Ninazo.

Binti yako


18 Julai

Kwa binti wa mdogo wangu,

Marahaba. Hasira yako nimeisoma. Imeandikwa vizuri kuliko salamu zako.

Nakwambia sasa, si kwa sababu una haki ya kujua, ila kwa sababu mtu anayebahatisha na wembe mkononi ni afadhali aonyeshwe mshipa ulipo.

Tulikubaliana, mimi na baba yangu, kwamba tusizungumze habari za jozi zangu hata kidogo. Hakutaka isemwe kwamba alinipa majibu. Kwa hiyo hakujua kwamba ile ya tatu nilikuwa nimeipeleka makusudi, kwa kanuni ya nne. Niliionea fahari. Mbili nzuri na moja iliyonishinda, nami nikasema ilinishinda wapi. Nilidhani huo ndio udaktari wenyewe.

Asubuhi ile alifungua kabati kabla ya watu. Nadhani alizigonga zote tatu, kama ambavyo mzazi hushika paji la uso la mtoto aliyelala. Ya tatu ikacheza. Akachukua tupa. Ni kazi ya dakika mbili kwa mikono yake.

Nikasimama nikasema inacheza. Wakaigonga, ikatulia tuli. Wakacheka. Wakaipeleka dirishani, wakaacha kucheka. Mimi sikuwa naangalia plasta. Niliangalia mikono yake pale mezani, na chini ya ukucha wa kidole gumba kulikuwa na unga mweupe. Akaona kwamba nimeona. Akaushusha mkono chini ya meza. Ulipokuja kuinuka tena ulikuwa wa kupiga kura.

Chama kilikuwa na miaka mitatu. Angesema, kingekufa siku ile, na kila daktari wa meno mwenye koleo angejifungulia duka la waya. Hilo nalijua. Nilimpa siku ile aseme mwenyewe. Nikampa wiki. Nikaja kuondoka, nikampa mwaka. Nimempa ishirini na saba.

Neno lile si langu wala si lako. Ukilisema wewe mbele ya watu, yeye hatalisema tena kamwe. Atakuwa mzee aliyefedheheshwa na mjukuu, watu watamwonea huruma, basi. Utakuwa umemnyang'anya, na mimi utakuwa umeninyang'anya.

Kwa hiyo siku hiyo soma walichokuandikia. Soma kurasa kumi na sita, kaa chini, unywe soda yako. Nakukataza.

Shangazi yako


12 Agosti

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Sina habari za nyumbani za kukupa kwa sababu nyumbani hakuna anayezungumza nami isipokuwa Mama, naye ni kuhusu vyombo.

Sherehe ilikuwa juzi. Ukumbi una viti vya plastiki vyeupe na kipaza sauti kinachokoroma. Madaktari walikuwa kama sitini. Asubuhi kulikuwa na Meza ya Meno, vijana wawili wakaingia chamani. Mmoja alileta jozi yenye kasoro, akaitaja, wakampigia makofi. Babu alikuwa meza kuu, naye akampigia.

Kisha nikaitwa. Nilisoma mwaka wa kwanza. Nilisoma mwaka wa pili. Sauti yangu ilikuwa ndogo hata mtu mmoja wa nyuma akasema, "Binti, tunaona midomo tu." Nikafika pale ambapo kijitabu kinaruka, na nilikuwa nimeweka karatasi yangu humo.

Sikulisema neno lile, Shangazi. Naapa. Nilisoma daftari tu kama lilivyo. "Leo asubuhi kabati limefunguliwa na mwenyekiti." "Mwombaji ametangaza kuwa jozi yake ya tatu inacheza." "Jozi imejaribiwa. Haikucheza." "Sehemu mbili zisizong'aa." "Kura saba kwa sifuri." Sikuongeza hata nukta. Nilidhani nikisoma bila kuongeza kitu sitakuwa nimemnyang'anya mtu. Sasa sina hakika tena.

Watu wa kawaida wangesubiri niendelee. Lakini wale ni madaktari wa kunyoosha meno, wote wamewahi kusugua plasta na wote wamewahi kusimama mbele ya meza ile. Halafu mzee mmoja, katika wale saba wamebaki yeye na Babu tu, akasema taratibu, "Rudia hapo kwenye kabati."

Baba akazima kipaza sauti. Nikarudia bila kipaza sauti, na safari hii nadhani walinisikia.

Babu akasema, "Kaa chini."

Nikakaa. Yeye akasimama. Kila mtu alidhani atazungumza, hata mpiga picha akasogea. Akachukua fimbo yake, ile asiyoitumia, akatoka kwa mlango wa pembeni. Mzee mwenzake akaweka kiganja juu ya macho na hakukiondoa mpaka keki ilipoletwa.

Nyumbani Babu alijifungia siku nzima. Baba alisema neno moja tu, "Umefurahi?" Sikufurahi. Nilidhani nitajisikia mwepesi, lakini nimejisikia kama niliyevunja chombo cha mtu.

Leo asubuhi kitanda cha Babu kimetandikwa na mkoba wake haupo. Simu yake ameiacha mezani. Baba amezunguka kliniki, hospitali na kwa rafiki zake wote. Hayupo. Anasema akipatwa na jambo, ni juu yangu. Nimeandika barua hii kwa sababu sijui nimwandikie nani mwingine.

Kama umenikasirikia, ujue kwamba ulinikataza na nilikusikia. Sikusahau. Nilikataa.

Binti yako


16 Agosti

Kwa binti wa mdogo wangu,

Marahaba. Babu yako yuko hapa mjini, nyumba ya wageni karibu na stendi. Anakula, analala. Mwambie baba yako aache kupiga simu mapokezi ya hospitali yetu, nimewaambia wamjibu kwamba yupo. Atarudi na basi la Jumatatu.

Umeniasi. Sitajifanya halikuniudhi. Nilikuwa na kitu kimoja tu nilichokitunza kwa mikono yangu, wewe ukakishika kwa sababu kilikuwa kwenye njia yako. Usiniandikie kwamba ulisoma tu. Anayesoma kwa sauti mbele ya watu sitini amesema.

Sasa sikiliza.

Alikuja hospitali Alhamisi. Hakujitambulisha kwa mtu. Alichukua namba kama wagonjwa, akakaa kwenye benchi na wagonjwa. Namba yake ilipoitwa akaingia, akakaa kwenye kiti cha mgonjwa kwa kuwa hakuna kiti kingine. Upande wa pili wa pazia, kwa daktari wa macho, mtu alikuwa anasomeshwa herufi.

Akasema, "Nilisugua mimi."

Nikamwambia, "Najua."

"Ungesema."

"Ungesema wewe."

Yule wa upande wa pili akakosea herufi, akaambiwa arudie. Baba akasema, "Nilijiambia: ikicheza ukakataliwa, watasema nimezaa asiyeweza. Ukipita nayo ikicheza, watasema nimekubeba. Niliogopa yote mawili."

"Ukachagua la tatu."

"Nikachagua la tatu." Kisha akaanza kunilaumu, ungekuwepo ungecheka. Kwamba nilipaswa kumwambia kuhusu kanuni ya nne. Kwamba nilikuwa na kiburi tangu utotoni. Kwamba nilimwacha mama yangu afe akiniulizia. Hilo la mwisho ni kweli na nilimwambia ni kweli, na nikamwambia la kwake pia, lote, tangu unga wa ukuchani mpaka mkono ulioinuka. Hatukupandishiana sauti. Daktari wa macho baadaye aliniuliza kama nilikuwa na mgonjwa mbishi.

Alitoa karatasi mfukoni. Barua kwa chama, ameandika kwa mkono wake kwamba alisugua yeye na kwamba kura ile ifutwe. Akataka niisome kwanza. Sikuisoma. Nilimwambia aipeleke mwenyewe, asimame pale uliposimama wewe, na kwamba ikifutwa au isifutwe mimi sirudi. Nina miaka hamsini na minne, mikono yangu imeshazoea kung'oa. Akauliza kama anaweza kuja tena kesho yake. Nikasema foleni ni ya kila mtu. Nikamwita mgonjwa aliyefuata.

Alikuja kesho yake. Hayo si ya kijitabu.

Kwa hiyo mwambie baba yako kile kijitabu akirudishe kwako, ukiandike upya, mwaka wa tatu uwemo, na bibi yako. Jina langu liweke. Andika alichosema na nilichosema, kwa mpangilio huo huo. Najua utataka kunifanya mtu mwema kwa sababu umesoma vitabu vingi. Usithubutu. Andika kwamba nilimwona tangu saa mbili asubuhi kupitia kioo cha mlango, ameshika kile kikaratasi cha namba kwa mikono miwili, nikamwacha asubiri, na kwamba namba yake ilikuwa thelathini na nne.

Shangazi yako